Sara na Rosa: Riwaya za Mapenzi mbele ya Sheria na Injili

Utangulizi

Anayehudumu katika milima ya Mbinga, au anayetelemka hadi Mbamba Bay na Liuli kando ya Ziwa Nyasa, hachelewi kugundua kwamba vijana wa kipaimara wana maktaba yao ambayo sisi hatukuipanga. Zamani ilikuwa vitabu vyembamba vya mapenzi vilivyopita mkono kwa mkono mpaka vikapoteza majalada. Baadaye zikaja filamu za Kiswahili katika vibanda vya video, na siku hizi ni hadithi zinazotolewa sehemu kwa sehemu na kusomwa katika simu. Mara nyingi jibu la mchungaji limekuwa moja kati ya mawili, yaani kukataza au kunyamaza. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba iko njia ya tatu, nayo ni ya Kilutheri kabisa. Aidha tunakusudia kuonyesha kwamba kasoro kubwa ya hadithi hizi haiko pale tunapozoea kuitafuta.

1. Hadithi hizi ni za namna gani

Wataalamu wa fasihi huziita riwaya pendwa. Katika Tanzania zilishamiri tangu miaka ya 1970. John Simbamwene alitoa Mwisho wa Mapenzi mwaka 1971. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, akichanganya upelelezi na mahaba. Ben Mtobwa alitoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Nyingi zilichapishwa na wachapishaji wadogo wa mjini, na baadhi na waandishi wenyewe. Filamu zilifuata: Girlfriend ya mwaka 2003 ni mojawapo ya zile za mwanzo, na umati uliojitokeza kumzika Steven Kanumba mwaka 2012 ulionyesha jinsi watu wetu walivyoipenda sanaa hiyo.

Tuseme kwanza mema yake, kwa maana hakimu asiyesikiliza upande wa pili hahukumu kwa haki. Hadithi hizi zimewafundisha wengi kusoma Kiswahili kwa furaha, pasipo mtihani. Husimuliwa kwa kasi na humshika msomaji hata ukurasa wa mwisho. Zaidi ya hayo, huzungumza waziwazi habari ambazo mimbari yetu huzipita kimya: uchumba, wivu, mahari, tamaa, na upweke wa binti aliyekwenda mjini kutafuta kazi. Kasoro zake nazo zinaonekana. Wahusika ni wepesi, bahati hutatua kila fundo, na utajiri wa mjini hushuka kama neema isiyo na mtoaji.

Wala burudani ya namna hii si jambo geni katika pwani ya Nyasa. Ngoma ya mganda ina asili yake katika beni, ngoma iliyoiga gwaride la askari na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Vita hivyo vilifika ziwani mapema mno, kwani mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani hapo Liuli, wakati huo pakiitwa Sphinxhafen. Watu wa ziwani walichukua mistari na madaraka ya jeshi, wakayafanya kuwa mchezo wa vijana wenye mavazi nadhifu. Yaani walipokea kitu cha wengine, wakakigeuza kiwafae.

2. Luther na hadithi zisizo Maandiko

Mwaka 1530, wakati Ungamo la Augsburg likisomwa mbele ya mfalme, Luther alikuwa ngomeni Coburg, asiweze kuhudhuria. Miongoni mwa kazi alizojipangia huko ilikuwa kutafsiri ngano za Esopo kwa Kijerumani. Mwalimu wetu hakuona ajabu kushika Zaburi na manabii kwa mkono mmoja na hadithi za wanyama kwa mkono wa pili. Kadhalika, katika mazungumzo ya mezani, alipoambiwa kwamba wako walioudhika kwa sababu wanafunzi waliigiza mchezo wa Terentio, alijibu kwamba Mkristo asiikimbie michezo hiyo kwa ajili ya mambo ya mapenzi yaliyomo. La sivyo, ingempasa aiache na Biblia. Tukikumbuka Mwanzo 38 na 2 Samweli 11, tunaelewa alilomaanisha.

Lakini ushuhuda ulio mzito zaidi ni Biblia yake ya mwaka 1534. Vitabu vya Apokrifa hakuvitupa. Aliviweka kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, akieleza kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu, ila ni vyema na vyafaa kusomwa. Katika dibaji zake alikubali kwamba kitabu cha Tobiti huenda kikawa hadithi iliyotungwa, akakisifu kuwa mchezo wa furaha wenye uchaji. Hapa basi pana fungu la tatu la vitabu: visivyo Neno la Mungu, wala si sumu, ambavyo mwumini huvisoma kwa faida akijua mipaka yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee Mbinga, mahali ambapo Walutheri ni wachache. Milimani Wakatoliki ndio wengi, na jimbo lao la Mbinga liliundwa mwaka 1986; huko Liuli Waanglikana wana misheni ya muda mrefu. Biblia ya Kikatoliki inacho kitabu cha Tobiti, ambapo ile iliyozoeleka katika sharika zetu hainacho. Hivyo jirani wa mwanafunzi wetu wa kipaimara huenda anaijua hadithi ya mapenzi ambayo Luther aliisifu, na mwanafunzi wetu haijui.

3. Sara na Rosa

Hadithi yenyewe ina kila kitu kinachopendwa na wasomaji wa riwaya pendwa. Sara ameolewa mara saba, na kila mume ameuawa na pepo usiku wa arusi. Mjakazi wa nyumbani anamsuta kwamba yeye ndiye muuaji. Kwa aibu Sara anafikiri kujinyonga. Badala yake anasali dirishani, na sala yake inasikiwa. Tobia anafika akiwa na moyo na ini la samaki, pepo anakimbia, na kabla ya kulala wawili hao wanasali pamoja. Wavuvi wetu wa usipa na mbasa wangeisikiliza hadithi hii kwa shauku.

Sasa tuweke kando yake Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971 na kukatazwa mashuleni kwa muda. Hiyo si riwaya pendwa bali ni kazi nzito, lakini inafichua kwa macho makavu kanuni ambayo riwaya pendwa huifuata bila kuichunguza. Rosa anapigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Analelewa kwa hofu, hofu inapoondoka anapotea, na mchumba anapojua habari zake anamwacha. Rosa anajiua. Kezilahabi anamtaka msomaji aulize ni nani aliyemwua. Riwaya pendwa haiulizi. Ndani yake binti aliyeanguka hufa, au huugua, au huaibishwa, ili binti aliye safi aolewe, na msomaji afunge kitabu akiwa ametosheka kwamba kila mtu amepata haki yake.

Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa tuliyoitaja. Sisi wachungaji huhesabu kurasa za kitandani, tukadhani kwamba hadithi hizi zimeasi Sheria. Kumbe zimejaa Sheria tupu. Zinagawa watu katika makundi mawili, walio safi na walio wachafu, na kuwalipa kwa kadiri ya matendo yao. Hazimjui mtu ambaye ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi. Tena Sheria hiyo ina upendeleo, kwa maana mara nyingi adhabu humwangukia mwanamke, naye mwanamume huendelea na safari. Maandiko hayasimulii hivyo. Katika 2 Samweli 13 tunaonyeshwa jinsi alichokiita Amnoni upendo kilivyogeuka chuki mara alipokwisha kumtenda Tamari jeuri, na aibu ya tendo hilo inawekwa juu ya mwenye kulitenda.

4. Kurudi kundini

Je, jambo hili linahusu vitabu tu? Hasha. Binti anaporudi Mbinga kutoka mjini akiwa na mimba, usharika huwa umekwisha kuisoma hadithi yake kabla hajafungua kinywa. Anatengwa na Meza ya Bwana. Aliyempa mimba hajulikani, au anajulikana na kuimba kwaya. Utaratibu wetu wa kumrudisha mtu kundini ni mwema ukiwa mlango wa ondoleo la dhambi. Ukiwa ukurasa wa mwisho wa riwaya pendwa, ambapo aliyeanguka huonyeshwa hadharani ili wengine wajione safi, basi tumelisoma kusanyiko riwaya mbaya kuliko zile tulizozikataza. Binti huyo anaweza kuwa Rosa, au anaweza kuwa Sara. Kwa sehemu kubwa tofauti hiyo inategemea kama yupo wa kumwambia kwamba sala yake inasikiwa.

5. Mapendekezo kwa watumishi

Kwanza, mchungaji na asome angalau hadithi moja inayosomwa na vijana wake, ahukumu akijua.

Pili, katika darasa la kipaimara, amri ya sita ifundishwe pamoja na hadithi mojawapo. Maelezo ya Katekisimo Ndogo hayaishii kwenye katazo. Yanafika kwenye kupendana na kuheshimiana kwa mume na mke. Vijana waulizwe: Nani amesamehewa katika hadithi hii? Nani ameadhibiwa, na nani ameponyoka? Nathani alimfikia Daudi kwa hadithi, wala hakumfikia kwa katazo.

Tatu, kitabu cha Tobiti kisomwe pamoja na jirani zetu Wakatoliki na Waanglikana, kwa heshima ile ile aliyokipa Luther.

Wamatengo wanatufundisha namna ya kufanya haya. Katika kilimo cha ngoro, majani yaliyofyekwa hayachomwi. Hulazwa kwa mistari yenye kukatana, yakafunikwa udongo unaochimbwa katikati, na maharage hupandwa juu yake. Majani huoza yakawa mbolea, na mashimo huzuia maji yasiubebe udongo mtelemkoni. Hadithi za mapenzi ni majani ya namna hiyo. Mwenye kuzichoma huuacha mlima wazi kwa mvua, na mwenye kuziacha zikue apendavyo Mungu hapati shamba. Kazi yetu ni kuzilaza chini ya Neno, na kupanda.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kanisa la Matengenezo halikuanza kwa kuzikimbia hadithi, na kwamba riwaya za mapenzi hupungukiwa na Injili zaidi ya kupungukiwa na Sheria. Mchungaji anayezikataza kwa Sheria peke yake huzungumza lugha ile ile zinazoizungumza zenyewe. Mwito wetu ni kuwapa vijana kile ambacho hakimo ndani yake, yaani habari ya Mungu amhesabiaye haki aliyeanguka, bure, kwa ajili ya Kristo.