Mbwa ameumia: namna ya kumushika bila kuumwa



Ni wakati wa palizi. Mbwa yako amekufuata ku shamba, anakimbiza panya kati ya maharagwe. Jembe linashuka, linamukata muguu. Unainama kumusaidia, na mbwa huyu uliyemulea tangu kitoto anakuuma mukono. Si kwamba ni mubaya. Mbwa mwenye maumivu anaweza kuuma kila mutu, hata mwenye kumulisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kufunga kidonda, ni kumushika muzuri.

Mbele ya kumugusa, angalia

Kama mbwa anatokwa mate mengi, sauti imebadilika, anayumba, au anashambulia bila sababu, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Huyo musimuguse na musimufunge. Ondoeni watoto na mifugo, mumufungie njia kama inawezekana, muite veterinere.

Kama ni kidonda tu, fuata hatua hizi:

1. Watoto wakae mbali. Mutu anayemujua mbwa ndiye amukaribie, polepole, kwa upande, akimusemesha kwa sauti ya chini. Usimukazie macho. Akionyesha meno au akinguruma, ngoja kwanza.

2. Funga mudomo. Chukua kipande cha kitenge, urefu wa mita moja hivi, upana wa vidole vitatu. Kamba nyembamba inakata ngozi. Fanya kitanzi kikubwa, ukiingize ku mudomo, nyuma ya pua, ukaze. Pitisha ncha mbili chini ya kidevu, uzungushe nyuma ya masikio, ufunge fundo la kufunguka haraka, kama la kiatu.

3. Mulaze. Mbwa mudogo: mukono mumoja chini ya shingo, kichwa chake ku kifua chako, mukono mwingine unakumbatia mwili. Mbwa mukubwa anaomba watu wawili. Mumulaze kwa ubavu. Mumoja ashike miguu yenye iko chini, ile inayogusa udongo, na aweke mukono juu ya shingo bila kukandamiza koo. Mwingine ndiye anayetibu.

4. Tibu. Kama damu inatoka, kandamiza na kitambaa safi kwa dakika tano bila kufunua kila mara. Kidonda chenye uchafu, kioshe na maji yaliyochemshwa na kupoa: kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita. Usitie petroli wala asidi ya betri. Usimupe dawa za maumivu za watu, zinaweza kumuua.

Angalisho juu ya kitambaa

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema mudomo wazi. Basi mumufunge pa kivuli, kwa dakika chache tu. Musifunge mudomo wa mbwa anayetapika, anayepumua kwa shida, au aliyezimia. Akianza kutapika, fungua mara moja. Mukimaliza, fungua fundo ukiwa nyuma ya kichwa, urudi nyuma.

Na kama ameuma mutu?

Osha kidonda na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mukwaruzo tu, hata kama mbwa ni wa kwako. Kisha nenda ku kituo cha afya siku ileile. Usingoje kuona dalili: kichaa cha mbwa kikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Mbwa musimuue kama anaonekana muzima. Mumufunge na kumuchunguza siku 10, na mujulishe veterinere.

Ndugu, tayarisheni kile kipande cha kitenge leo, na mumuzoeze mbwa kuguswa mudomo na miguu akiwa muzima. Na siku ya chanjo ya mbwa ikifika ku kijiji, asibaki mbwa hata mumoja pa nyumba.