MOTOKAA ZA VOLVO NA MKANDA UOKOAO MAISHA

Mtu apandaye motokaa hapa Kakamega kwenda Kisumu, akikaa mbele karibu na dereva, huona mkanda ukining'inia begani pake. Wengi huuvaa kwa kuwaogopa polisi tu, na wakiisha kupita kizuizi huufungua. Yafaa watu wajue mkanda huo ulitoka wapi.

Asili yake ni Uswidi, nchi ya baridi na theluji iliyoko kaskazini ya Ulaya. Katika mji wa Göteborg mabwana wawili, Assar Gabrielsson, mjuzi wa biashara, na Gustaf Larson, mjuzi wa mitambo, walianzisha kiwanda cha Volvo. Jina hilo ni neno la Kilatini, maana yake "nabingirika". Nia yao ilikuwa kutengeneza motokaa imara ziwezazo kustahimili barabara mbaya za nchi yao.

Motokaa ya kwanza ilitoka kiwandani tarehe 14 Aprili, 1927. Ilikuwa wazi juu, jambo lisilofaa katika baridi ile, na mwaka huo ziliuzwa 297 tu. Mabwana hao hawakukata tamaa. Walitengeneza nyingine yenye paa, na mwaka 1928 wakatoa lori, ambalo wanunuzi walilipenda upesi. Mwaka 1944, vita vikuu vikiendelea, walionyesha motokaa ndogo iitwayo PV444, iliyokusudiwa watu wa kawaida. Mwaka 1958 ilifuatwa na ndugu yake, PV544.

Motokaa hiyo ilijulikana sana Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na baadaye yakawa yakifanywa wakati wa Pasaka, mvua inapogeuza barabara za udongo kuwa matope matupu. Mwaka 1965 Bwana Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, waliyashinda kwa PV544. Wala haikuwa mpya; ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine katika mashindano. Ushindi ulitokana na chombo imara na dereva aliyekijua vizuri.

Lakini sifa kubwa zaidi ya Volvo si kwenda mbio. Motokaa ikisimama ghafula kwa kugonga kitu, mwili wa abiria haujui kusimama. Huendelea mbele kwa mwendo ule ule hata upige kioo au chuma. Mikanda ya zamani ilishika kiuno tu, na kifua na kichwa vikabaki bila kinga. Bwana Nils Bohlin, ambaye kwanza alikuwa akishughulikia viti vya marubani wa ndege, alibuni mkanda upitao begani na kiunoni, ukafungwa mahali patatu. Mwaka 1959 ulianza kutiwa katika motokaa za Volvo. Kisha kampuni ikaviruhusu viwanda vyote kuutumia bila malipo, ingawa ingaliweza kujitajirisha kwao.

Katika Kenya, mwezi wa Februari, 2004, wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, sheria ya kuweka mikanda katika matatu na mabasi ilianza kutiwa nguvu.

Kampuni yenyewe imegawanyika. Kazi ya motokaa ndogo iliuzwa kwa Ford ya Marekani mwaka 1999, kisha kwa Geely ya China mwaka 2010. Malori yalibaki kwa kampuni ya asili. Lakini ule mkanda wa 1959 umeenea duniani kote.

Basi auvaaye na auvae sawasawa. Upite juu ya bega, si chini ya kwapa, na sehemu ya chini ikae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Mama mjamzito aupitishe chini ya mimba. Kuufunga ni kazi ya kufumba na kufumbua. Polisi hulinda kizuizi kimoja, bali mkanda humlinda mtu njia nzima.