Bafu la Kupanga: Tunza Vitu Vyako Bila Kutoboa Ukuta



Siku hizi watu wengi wa vijiji vyetu wanaishi katika vyumba vya kupanga. Vijana wanakwenda Newala mjini, Masasi au Mtwara kutafuta riziki. Wapo watoto wa sekondari wanaosoma mbali na kwao, na wazazi wamewapangia vyumba. Hata vijijini, mwalimu au muuguzi akihamishiwa kwetu hutafuta chumba kwa mwenyeji. Basi wewe unayesoma huenda ni mpangaji. Au ni mzazi wa mpangaji. Au ndiye mwenye nyumba. Habari hii inawahusu wote.

Bafu la nyumba ya kupanga mara nyingi liko uani. Ni dogo. Ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta. Wanalitumia watu wa vyumba vitatu au vinne, na ndani hamna rafu wala kabati. Sabuni uiweke wapi? Kopo je? Mpangaji akikosa mahali huchukua nyundo na msumari. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

MSUMARI UNA UBAYA GANI?

Ukuta wa bafu siyo kama ukuta wa chumbani. Ukuta wa bafu unalowa kila siku.

Kama ukuta ni wa miti na udongo, msumari unapasua udongo. Maji yanaingia kwenye ufa. Udongo unalainika na kumomonyoka kidogo kidogo. Miti ya ndani inaoza, na mchwa nao wanapata njia.

Kama ukuta ni wa matofali na lipu ya saruji, lipu inapasuka kuzunguka msumari. Msumari unashika kutu. Kutu inavimba, na lipu inameguka.

Utasema, msumari mmoja tu una nini? Lakini wewe ukipiga mmoja, jirani atapiga wake, na atakayekuja baadaye atapiga wake. Siku moja mwenye nyumba atauliza, "Nani ametoboa ukuta?" Kila mtu atajibu, "Siyo mimi." Mwisho anayehama ndiye atadaiwa fedha ya saruji, hata kama matundu siyo yake yote.

Kumbe njia zipo nyingi za kuweka vitu bila msumari. Anza kwa kuvigawa vitu vyako katika mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: VITU VYA KURUDI NAVYO CHUMBANI

Mswaki, dawa ya meno, wembe, taulo na khanga visikae bafuni. Bafu liko karibu na choo, na nzi hutoka chooni wakatua juu ya mswaki. Wembe nao usiachwe mahali ambapo mwingine anaweza kuutumia. Wembe wenye damu unaweza kupeleka virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa ini kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Tafuta kikapu kidogo chenye mkono, au ndoo ndogo. Weka vitu hivyo humo. Ukienda kuoga unakwenda nacho, ukimaliza unarudi nacho. Chumbani kitundike mahali pakavu penye hewa. Kwa njia hii hakuna kinachopotea, wala hakuna anayemshuku jirani yake.

Dawa za kuulia wadudu na dawa za kufulia zisikae bafuni kabisa. Zifungie chumbani, mahali ambapo mtoto hafiki. Usizitie katika chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda atakunywa.

FUNGU LA PILI: VITU VYEPESI VYA KUTUNDIKA

Sabuni, dodoki, kopo na brashi ni vyepesi. Vinaweza kutundikwa. Lakini visitundikwe ukutani. Vitundikwe kwenye kitu ambacho tayari kipo. Tazama juu: kuna boriti au mti wa paa? Tazama mlango: una nafasi kidogo juu yake? Hapo ndipo pa kutundika.

(a) Kamba ya boriti. Chukua kamba ya katani au ya nailoni. Izungushe juu ya boriti, kisha ifunge fundo. Usitoboe kitu. Chini ya kamba weka kulabu ya waya. Waya mgumu unaukunja mara mbili, ncha moja ikitazama juu na nyingine ikitazama chini. Ncha ya juu inashika kamba, ya chini inashika kopo.

(b) Mfuko wa mlangoni. Chukua kitambaa kigumu au kiroba cha unga kilichofuliwa. Shona juu yake mifuko minne au mitano. Kila mfuko utoboe chini matundu madogo ili maji yatoke. Funga kamba mbili juu, zipitishe juu ya mlango, uzifunge upande wa pili. Jaribu mlango kwanza. Kama haufungi vizuri, tumia kamba nyembamba zaidi.

(c) Kopo la sabuni. Sabuni ikikaa ndani ya maji inayeyuka bure. Chukua kifuu cha nazi au kopo la plastiki, toboa chini matundu sita au saba, kisha litundike kwenye kulabu. Tena usiweke mche mzima wa sabuni bafuni. Kata kipande, mche uliobaki uache chumbani ukauke. Sabuni kavu hudumu zaidi.

Angalizo kubwa kwa sisi wakulima wa korosho: usitumie mfuko wa salfa wala kopo la dawa ya mikorosho kwa kazi hizi. Hata ukifua mara tatu, sumu inaweza kubaki.

FUNGU LA TATU: VITU VIZITO VYA KUSIMAMA CHINI

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 na zaidi. Usiitundike kamwe. Kamba itakatika au boriti litapinda. Ndoo isimame chini, juu ya matofali mawili, ili maji machafu ya kuogea yasiifikie.

Kama una vitu vingi, tengeneza kichanja cha pembeni. Kata fito nne za kusimama, urefu wa mita moja na robo. Weka ngazi tatu za fito ndogo, na uzifunge kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira unabana, na hauozi upesi kwa maji. Kila mguu uweke juu ya jiwe bapa. Kichanja kisiegemee ukuta. Acha nafasi ya vidole vinne, ili ukuta ukauke na mchwa waonekane mapema. Vitu vizito viweke ngazi ya chini, vyepesi juu.

Pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200 za maji. Sakafu nyembamba inaweza kupasuka. Usiliingize bafuni kabla ya kumwuliza mwenye nyumba.

FUNIKA MAJI

Hapa, ndugu msomaji, tusikilizane vizuri. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde maji ni ya shida tangu zamani. Maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, kule Mitema. Bomba likikauka, kila mpangaji anajaza ndoo na madumu na kuyaweka akiba. Ni jambo la akili. Lakini maji yasiyofunikwa ni nyumba ya mbu.

Yupo mbu mweusi mwenye madoa meupe. Anapenda kutaga katika maji safi ya nyumbani, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mbu huyu hueneza ugonjwa wa chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde. Maana yake ni kile kinachomkunja mtu, kwa sababu mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 ulitokea hapa hapa kwetu, Newala na jirani zake. Mwaka 1955 wataalamu Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake, na jina la Kimakonde likaenea dunia nzima. Wagonjwa wengi hupona, lakini maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Mtu wa jembe akiumwa viungo miezi miwili, shamba lake litalimwa na nani?

Basi fanya mambo matatu. Kwanza, funika kila chombo cha maji kwa kifuniko kinachobana, au kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Pili, kila wiki mwaga maji yaliyobaki na usugue chombo ndani kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi. Mayai ya mbu huyu hugandamana na ukuta wa chombo, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Tatu, kopo tupu liweke limeinama, lisishike maji.

Kifuniko kina faida nyingine. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika ndoo moja.

ONGEA NA MWENYE NYUMBA

Kabla ya kufunga hata kamba, omba ruhusa. Maneno machache yanatosha:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, naomba kufunga kamba kwenye boriti la bafu nitundike kopo. Sitapiga msumari. Siku nikihama nitaifungua."

"Haya, funga. Ila usiniletee vitu vizito."

Hapo hakuna ugomvi. Nawe mwenye nyumba, una sehemu yako. Ukijenga bafu, jengea humo kibao cha rafu na mti wa kutundikia tangu mwanzo. Mpangaji akikuta rafu hatatafuta msumari.

Siku ya kuhama, fungua kamba, beba kichanja, sugua sakafu, mwite mwenye nyumba aone. Utaondoka na vitu vyako vyote, na jina lako zuri.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi kwa mikono yao. Nasi tufanye hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini msumari unaharibu ukuta wa bafu upesi kuliko ukuta wa chumbani?
2. Taja vitu vitatu ambavyo havifai kuachwa bafuni. Eleza sababu.
3. Dumu la lita 10 likijaa maji, maji hayo yana uzito wa kilo ngapi?
4. Kwa nini haitoshi kumwaga maji bila kusugua chombo?
5. Leo ukirudi nyumbani, hesabu vyombo vya maji visivyo na kifuniko. Utavifunika kwa nini?