KUILINDA BETRI YA PIKIPIKI YA ZAMANI

Babu yangu wa hapa Mamboya anayo pikipiki BSA B31 ya mwaka 1954. Injini yawaka vizuri hata leo, kwa kuwa cheche zake hutoka katika magneto wala hazitegemei betri. Taabu ilikuwa taa. Wakati wa likizo nilimsaidia fundi kuutengeneza umeme wake, nami napenda kuwaeleza wasomaji niliyojifunza, maana ni fizikia ile ile tunayosoma darasani.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba waya ukipitishwa penye sumaku, umeme hutokea. Dainamo hufanya hivyo, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo volti zinavyozidi. Lakini betri ya volti 6 yataka kuchajiwa kwa volti 7 na kitu kidogo. Zikipungua, betri haijai. Zikizidi, maji yake hutoa mapovu na kukauka, na bamba za risasi huharibika.

Kwa sababu hiyo huwekwa regyuleta. Ile ya zamani ni kisanduku chenye sumaku mbili za umeme. Moja, iitwayo katauti, huitenga dainamo na betri injini inapozunguka polepole, ili umeme wa betri usirudi nyuma. Ya pili hufungua na kufunga ncha mbili za chuma upesi upesi, na hivyo kupunguza umeme uendao kwenye koili za sumaku za dainamo. Baada ya miaka mingi ncha hizo huungua na springi hulegea.

Regyuleta ya elektroniki haina kitu kinachocheza. Diodi hushika kazi ya katauti, kwa kuwa hupitisha umeme upande mmoja tu. Transista hukata na kuunga umeme wa koili mara nyingi kwa sekunde, bila ncha za kuungua.

Anayetaka kuibadilisha yampasa akumbuke mambo matatu:

1. Katika pikipiki hiyo upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu, kinyume cha pikipiki za siku hizi. Regyuleta iwe ya namna hiyo. Ukikosea, yaweza kufa mara moja.

2. Regyuleta haizai umeme. Dainamo hiyo hutoa wati 60 tu. Kwanza kagua brashi za kaboni, safisha maungio na badili waya zilizochakaa.

3. Ukimaliza, pima betri kwa voltimita, injini ikizunguka kwa kasi ya kadiri. Sindano ikipita volti 7 na nusu, zima injini utafute kosa.

Kazi hii si ya mapambo. Njia za milimani kwetu ni za mawe na makorongo, na huenda usiku mmoja mgonjwa akahitaji kupelekwa hospitali ya Berega. Hapo taa isiyofifia ni jambo la uhai. Basi, tusiyadharau masomo ya sumaku na umeme. Kazi yake ipo hapa hapa nyumbani.