Maneno Yanapopotea: Kuelewa Mabadiliko ya Sehemu Nyeupe ya Ubongo

Makala hii imekusudiwa kumsaidia mwananchi ambaye yeye mwenyewe, au ndugu yake, ameanza kupata taabu ya kusema au kuelewa maneno, kisha akakabidhiwa majibu ya kipimo yanayotaja mabadiliko katika sehemu nyeupe ya ubongo. Majibu hayo yasipofafanuliwa huzua hofu isiyo ya lazima, au humfanya mtu atumie fedha nyingi kwa vipimo na dawa zisizomfaa.

Sehemu nyeupe ni nini?

Ubongo una sehemu ya kijivu, ambamo seli za neva huchakata taarifa, na sehemu nyeupe, ambayo ni takriban nusu ya ubongo wote. Sehemu nyeupe ni mafungu ya nyuzi ndefu yanayounganisha maeneo mbalimbali. Weupe wake hutokana na mayelini, utando wenye mafuta unaozifunika nyuzi hizo na kuuwezesha ujumbe kupita kwa kasi.

Lugha hutegemea sana miunganisho hiyo. Kwa watu wengi, maeneo makuu ya lugha yako upande wa kushoto wa ubongo: eneo la mbele husaidia kupanga na kutamka maneno, na maeneo ya pembeni husaidia kuyaelewa. Nyuzi zinapodhoofika, mawasiliano kati ya maeneo hayo huvurugika.

Demensia inayoanza na lugha

Wengi wakisikia neno demensia hufikiria usahaulifu. Ipo aina inayoanza kwa kuharibu lugha, huku kumbukumbu na uamuzi vikibaki vizuri kwa muda. Mwaka 1982 daktari Marsel Mesulam wa Marekani alieleza wagonjwa ambao lugha yao ilififia polepole kwa miaka bila akili yote kudhoofika. Mwaka 2011 wataalamu walikubaliana juu ya sura zake tatu:

1. *Usemi mzito.* Mgonjwa hutamka kwa shida na kuangusha viungo vya sentensi. Kwa msemaji wa Kiswahili, hali hii huweza kujitokeza katika viambishi na upatanisho wa maneno. Nyuzi zinazofika eneo la mbele ndizo huathirika zaidi.
2. *Kupotea kwa maana.* Mgonjwa husema kwa ufasaha, lakini akiombwa alete kisu huuliza, “Kisu ni nini?” Huathirika zaidi nyuzi za upande wa chini, zinazofika ncha ya mbele ya eneo la pembeni.
3. *Kukwama kutafuta neno.* Mgonjwa husitasita na hushindwa kurudia sentensi ndefu. Sura hii mara nyingi hutokana na ugonjwa wa Alzheimer.

Dalili hizi huweza kuanza kabla ya uzee, na kutambua ugonjwa huchukua muda. Familia ya mwigizaji Mmarekani Bruce Willis ilitangaza mwaka 2022 kuwa ana afasia, yaani upungufu wa lugha. Mwaka 2023 ndipo ilipotangaza aina ya demensia iliyokuwa chanzo chake.

Picha ya ubongo huonyesha nini?

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni madoa meupe katika picha ya MRI. Madoa haya ni ya kawaida kadiri umri unavyoongezeka, na huongezwa na shinikizo la juu la damu, kisukari na uvutaji wa sigara. Peke yake hayathibitishi demensia ya lugha.

La pili ni kudhoofika kwa mafungu ya nyuzi za lugha. Hali hii haionekani kwa urahisi katika picha ya kawaida. Huchunguzwa kwa aina maalumu ya MRI inayofuatilia mwendo wa maji kando ya nyuzi. Kipimo hicho hutumika zaidi katika utafiti, kwa kulinganisha makundi ya watu, na hakitoshi peke yake kuamua ugonjwa wa mtu mmoja. MRI ya kawaida hata hivyo ina faida kubwa: huonyesha maeneo yaliyosinyaa, na husaidia kugundua uvimbe, kiharusi au damu iliyovuja.

Kabla ya kulipa, uliza

- Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu?
- Je, madoa yaliyoandikwa yanalingana na dalili za mgonjwa?
- Je, uwezo wa lugha umepimwa, na umepimwa katika lugha anayoimudu zaidi? Mtu aliyepimwa kwa lugha asiyoizoea huweza kuonekana mgonjwa kuliko alivyo.
- Je, usikivu, macho, dawa anazotumia na hali ya huzuni vimechunguzwa?

Tiba na tahadhari

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya demensia ya lugha. Jihadhari na muuzaji wa virutubisho au mashine anayedai kurudisha mayelini au maneno yaliyopotea. Mtaalamu wa tiba ya usemi huweza kumsaidia mgonjwa kuhifadhi maneno anayoyahitaji, kutumia picha na ishara, na kuifundisha familia kuzungumza naye kwa sentensi fupi na kwa subira.

Shughulikieni mapema masuala ya benki, mirathi na matibabu, wakati mgonjwa angali anaweza kueleza matakwa yake. Kushindwa kusema si kushindwa kufikiri. Asisemewe kila jambo, wala asitiwe saini katika hati asiyoielewa.

Madoa yatokanayo na mishipa ya damu huweza kupunguzwa kasi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kulishusha zaidi shinikizo la damu, chini ya uangalizi wa daktari, kulipunguza ongezeko lake.

Dharura: Demensia huja polepole. Mtu akipoteza usemi ghafla, uso ukipinda au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi. Afikishwe hospitali mara moja, bila kusubiri hali itulie.