Usinunue Spea Kabla ya Kupima

Pikapu iliyokaa juu ya mawe miaka kumi haikufikishwa hapo na ubovu mmoja. Ilianza kwa kuchemsha, mwenyewe akawa anaongeza maji kila asubuhi. Baadaye betri ikawa haikai na chaji, klachi ikaanza kuteleza, ada za shule zikaingia katikati, na siku moja gari likasukumwa hadi ukutani na kuku wakahamia ndani. Mzazi anayeamua kulifufua pamoja na mwanawe wa miaka kumi na tano mara nyingi huruka mlolongo huo wote. Huulizia injini ya mtumba, akaagiza na kopo la rangi. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapoharibika, na hasara haiishii mfukoni. Kitu cha thamani kuliko vyote ambacho gari kuukuu linaweza kumpa kijana ni zoezi la kutenganisha dalili na chanzo, na zoezi hilo hufa pale jibu linaponunuliwa dukani kabla swali halijaulizwa. Ndiyo maana napendekeza sheria moja ya nyumbani: hakuna spea inayonunuliwa mpaka kijana awe amesema anadhani ubovu ni nini, kipimo gani kitamwonyesha kama amekosea, na kipimo hicho kimefanywa.

Mitaa ya Majengo, na Dodoma kwa ujumla, ni mahali pazuri pa kufanyia zoezi hili, na sababu ni hali ya hewa. Mji hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Pikapu iliyozeekea Tanga au Unguja huwa imeliwa sakafu, milango na hata chasi kwa unyevu na chumvi ya bahari. Ya Dodoma hubaki na bati lake, ila kila kilicho cha mpira kimekauka: hozi, bushi, oili sili, raba za ndani ya silinda za breki. Jua na vumbi ndivyo vinavyoua gari huku. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado isifae kwenda hata Kikuyu, hapa hapa mjini, na kurudi. Mpe kijana tochi na kitambaa, afute ubavu wa tairi, atafute namba nne zilizo mwishoni mwa herufi za DOT. Akikuta 0611, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya sita ya mwaka 2011, na nyufa ndogo atakazoziona kando ya namba hizo zitamweleza mengine. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi.

Aina ya gari nayo ina maana. Toyota imekuwa ikitengeneza Hilux tangu mwaka 1968, na zile za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini za dizeli za 2L na 3L zina pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa mkanda, bila kompyuta yoyote. Land Rover 109 ni hivyo hivyo, na bodi yake ya aluminiamu haishiki kutu, ingawa chasi yake ni ya chuma na huwadanganya wengi wanaotazama juu tu. Katika magari haya karibu kila chanzo cha ubovu kinaweza kuonekana, kuguswa, kusikika au kupimwa kwa kifaa cha bei ndogo. Hilo ndilo tunalolitafuta.

Tuchukue ugonjwa mmoja tuufuate hadi mwisho, nao ni kuchemsha. Kwa miaka mingi Dodoma imekunywa maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na maeneo mengi ya mkoa yana maji ya chini ya ardhi yenye chumvi na madini. Ukoko ule mweupe unaoganda ndani ya birika huganda pia ndani ya rejeta, kwenye vijibomba vyembamba ambavyo maji ya moto hupita ili yapozwe na upepo wa feni. Tena, mji uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96, hayangoji 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya gari ni mfuniko wa rejeta. Springi yake hushikilia shinikizo, na mfuniko mzima wa baa 0.9 huweza kupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 116 hivi. Springi ikilegea, au raba yake ikipasuka, injini isiyo na kosa lolote itachemsha ikipanda mlima na mzigo.

Sasa angalia gari hilo likipelekwa gereji yenye haraka. Fundi anafungua thamostati, ile valvu ndogo inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, anaitupa, na gari linaondoka. Kwa wiki mbili mambo ni shwari. Lakini injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi, huchafua oili na kuzisaga silinda, na rejeta iliyoziba inaendelea kuziba. Kosa hapa si uvivu wa fundi. Mteja amekuja na dalili na anataka iondoke leo, na dalili imeondoka. Nyumbani hakuna anayesubiri gari hilo jioni, kwa hiyo kijana ana muda wa kuuliza kwa mpangilio. Je, mkanda wa feni umelegea? Aukandamize kwa kidole. Je, mfuniko unashika? Aazime mzima aufunge, tofauti itaonekana. Je, rejeta imeziba? Injini ikishapata moto na kuzimwa, apitishe kiganja karibu na uso wa rejeta, asiiguse: sehemu iliyopoa katikati ya sehemu za moto ndipo maji hayapiti. Je, thamostati imekwama? Aichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto, nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Na gasketi ya hedi, ambayo wengi huihukumu kwanza, ije mwisho, kwa sababu kuifungua ni gharama na kosa lake hulipiwa. Mpangilio huo, kuanzia kipimo cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa, ndio masomo yenyewe.

Uwanda huu una historia ya kile kinachotokea mashine kuukuu zinapofufuliwa bila kuuliza zinauawa na nini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, mashariki mwa mji wa Dodoma. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, hivyo wakakusanya mashine za kijeshi zilizobaki, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Karakana zilijengwa, mafundi wakaletwa. Lakini ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na mchanga wake hulamba chuma cha majembe. Mashine zilitengenezwa zikarudishwa kwenye udongo uleule uliozivunja. Mradi ulifungwa mwaka 1951, na hasara yake ilipita pauni milioni 36. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua ikiwemo, ila hili la karakana kushughulika na kilichovunjika badala ya kinachovunja linamhusu kila mwenye pikapu.

Utaratibu wa kumfundisha kijana nao una ushahidi wake. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia na wanagenzi wao. Aligundua kwamba mwanagenzi hajifunzi kwa mfuatano wa kutengeneza nguo. Huanza na mambo ya mwishoni, kupiga pindo, kushona vifungo, kupiga pasi, na kukata kitambaa, ambako ndiko nguo inakoanzia, huja mwisho kabisa. Sababu ni ya kiuchumi: kifungo kilichoshonwa vibaya hufumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwenda. Hata spanaboi wa gereji zetu hupita njia hiyo bila kuisoma popote. Kwenye pikapu, maana yake ni kwamba kijana aanzie mlangoni na kwenye taa, si kwenye injini. Taa moja ya mbele inawaka hafifu. Atadhani ni glopu. Achukue mita ya umeme, taa ikiwa inawaka aguse kwa mchokoo mmoja nguzo hasi ya betri na kwa mwingine chuma cha ganda la taa. Mita ikisoma karibu sifuri, njia ya kurudi ya umeme ni safi, atafute kwingine. Ikisoma volti 2 au 3, umeme unapotelea kwenye boliti yenye kutu inayounganisha waya na bodi, na tiba ni msasa.

Mzazi anaweza kusema hiyo ni kazi ya shule. Kweli, tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari umeleta mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza, na vyuo vya VETA vimefundisha ufundi wa magari kwa miongo kadhaa. Siwashauri watu kushindana navyo, cheti kina kazi yake. Lakini karakana ya shule, kwa haki kabisa, hufundisha kwa ubovu ambao mwalimu anaujua. Nyumbani hakuna anayejua jibu, mzazi akiwemo, na hilo ni jambo jema. Mzazi asiyejua injini lakini anayeuliza "umejuaje, mwanangu?" ana faida kuliko anayejua sana na kumpokonya mtoto spana. Na mwana huyo anaweza kuwa binti. Mita haisomi tofauti mikononi mwake, ingawa majirani watasema.

Pingamizi la pesa nalikubali nusu. Anayetaka tu gari la kubebea nyanya hadi Soko la Majengo kwa gharama ndogo, aachane na hili la juu ya mawe. Kuchonga krenki, kunyoosha bodi na kupiga rangi kunaweza kuzidi thamani ya pikapu yenyewe. Kabla ya kugusa boliti yoyote, tazameni mambo mawili tu: kadi ya gari iko kwa jina la nani, na chasi ina nyufa au haina. Kadi ikiwa ya marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa, au chasi ikiwa imekatika na kuchomelewa mara tatu, msianze. Upande wa masomo ni suala la kalenda. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba, likizo ya Juni huangukia kiangazi, na ua hauna tope. Jumamosi moja moja inatosha, kwani gari halina haraka.

Wapo wanaosema elimu hii imepitwa, magari ya leo ni ya kompyuta. Mashine ya kupimia ikichomekwa kwenye gari la kisasa ikatoa namba P0171, maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi kwa nini. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, kumbe hozi ndogo nyuma ya injini imepasuka na inavuta hewa. Namba ile ni dalili kama mvuke wa rejeta ulivyo dalili, imeandikwa tu kwa tarakimu.

Hatari ndiyo pingamizi ambalo sina jibu la kulimaliza, bali mipaka ya kuweka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi hatarishi, na kazi za nyumbani zisigeuzwe mwanya. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali, maana tofali hupasuka bila taarifa. Stendi za chuma huazimwa gereji. Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani hata kama ni tupu, na hasa likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Ngoma ya breki ya zamani isipulizwe kwa kompresa, kwani breki za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205, yakishanyonya maji hushuka hadi 140, hivyo yaliyokaa miaka kumi yamwagwe yote. Breki na usukani kijana atazame na kuuliza, ila afunge fundi aliyefuzu, na mwingine akague kabla gari halijagusa barabara. Leseni ni kuanzia miaka 18.

Miradi mingi ya namna hii huishia njiani. Silinda zikionekana zimekwisha na pesa haipo, pikapu itauzwa kwa vipande, na hapo daftari la vipimo lina kazi yake ya mwisho: mnunuzi wa spea akiuliza kama alteneta ni nzima, kijana ataonyesha tarehe aliyoipima, volti ilizotoa taa zikiwa zimewashwa, na ataifunga mita waipime upya mbele yake kabla ya kutaja bei.