KUUKINGA UWANJA WA NYUMBA NA MAJI YA MVUA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Maneno haya hutumiwa kwa mambo mengi, lakini leo nataka kuyatumia kama yalivyo, yaani juu ya nyumba na uwanja wake. Kila mwaka masika yanapokwisha, sisi tukaao milimani twaona nyumba ambazo msingi wake umebaki nje kama meno yaliyotokwa na ufizi. Twaona vijito vipya vimechimbika katikati ya uwanja, na udongo mzuri wa bustani umeshuka mpaka barabarani.

Wengi husema hiyo ndiyo mvua, hakuna la kufanya. Wengine hungoja mpaka wapate fedha za saruji. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji saruji. Yahitaji jembe, kamba, jiwe, na macho ya kutazama maji yanakopita. Hata mwanafunzi aliye likizoni aweza kuifanya pamoja na wazee wake.

Kwanza tujue tunapambana na kitu gani. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta ya mraba 1 huleta lita 1 ya maji. Basi nyumba yenye paa la meta 10 kwa 8 ina meta za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimeta 25, paa hilo peke yake litamwaga lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Tena hapo hatujahesabu maji yanayoteremka kutoka mlimani. Maji yaendayo polepole hunywewa na ardhi. Maji yaendayo mbio huichukua ardhi yakaenda nayo. Kwa hiyo kazi yetu yote ni mambo mawili: kuyapunguza mbio, na kuyaonyesha njia.

Kabla ya kushika jembe, subiri siku ya mvua, utoke nje ukatazame. Maji yaingia uwanjani kwa upande gani? Yatoka wapi? Mahali gani yamekuwa mekundu kwa udongo? Mahali hapo ndipo penye ugonjwa. Mtu achimbaye mtaro wakati wa kiangazi bila kuyaona maji kwanza ni kama mganga atoaye dawa bila kumwona mgonjwa.

Sasa tuanze karibu na ukuta. Maji ya mchirizi huanguka kwa nguvu mahali pale pale kila mvua inaponyesha, yakachimba handaki dogo kando ya msingi. Kama hakuna gata na pipa la kuyapokea, panga kokoto au vipande vya matofali chini ya mchirizi ili kuvunja nguvu yake. Kisha shindilia udongo kuzunguka nyumba, uinamie nje. Katika meta 2 za kwanza kutoka ukutani, ardhi ishuke kama sentimeta 10. Hapo maji hayatakaa msingini.

Jambo la pili ni ufagio. Nalisema kwa heshima, maana najua mama zetu huuhesabu uwanja mweupe kuwa ndio usafi, tena kwa haki huogopa nyoka kujificha katika majani. Lakini uwanja ufagiliwao kila siku kwa ufagio wa chelewa hupoteza udongo kidogo kidogo hata bila mvua, na mvua ikija hukuta ardhi iko uchi. Njia ya katikati ipo. Pafagiliwe mlangoni, jikoni na njiani. Mahali palipobaki paoteshwe ukoka, nao ukatwe uwe mfupi daima. Nyoka hupenda majani marefu, bali ukoka mfupi haumfichi.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni mtaro wa juu ya nyumba, wa kuyapokea maji ya mlimani kabla hayajafika ukutani. Mtaro ukiwa na mwinamo mkali utageuka korongo. Usipokuwa na mwinamo maji yatasimama. Jicho haliwezi kupima jambo hili, kwa hiyo tutengeneze kipimo kinachofanana na herufi A.

Chukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja upite meta 2 kidogo, uifunge pamoja juu. Funga mti wa tatu katikati uwe mkingamo, na miguu iachane meta 2. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya mkingamo. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, na kamba ikitulia tia alama mkingamoni. Kisha geuza kipimo, mguu wa kulia ukae mahali pa mguu wa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kamba ikisimama hapo, miguu yote miwili iko katika kimo kimoja.

Ukitaka mtaro wenye mwinamo mdogo, funga kibao chenye unene wa sentimeta 1 chini ya mguu mmoja. Mguu huo uutangulize kila mara upande maji yanakokwenda, ukitafuta mahali ambapo kamba husimama katikati. Piga kigingi kila hatua ya kipimo. Hivyo mtaro utashuka sentimeta 1 katika kila meta 2, na maji yatatembea bila kukimbia. Udongo uuchimbao utupe upande wa chini, uwe tuta la kuilinda nyumba.

Hapa pana tahadhari. Mtaro ulio sawa kabisa, usio na mwinamo, hutega maji yazame ardhini. Huo wafaa shambani, lakini usiuchimbe juu ya nyumba iliyo kwenye mteremko mkali, kwa sababu ardhi ikishiba maji yaweza kuporomoka. Karibu na nyumba maji yaondoshwe. Mbali na nyumba yategwe.

Je, yaondoshwe kwenda wapi? Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mtu huponya uwanja wake kwa kuuharibu wa jirani aliye chini, na jirani naye humpelekea mwingine. Yapasa, kabla ya kuchimba, baba au mama mwenye nyumba aende kwa jirani wakapatane mahali pa mtaro. Mwisho wake uwe kwenye majani mengi au migomba, au mtaro wa pamoja ufike mpaka kijitoni. Maji yakifika kwa jirani bila hodi, hata salamu ya asubuhi hupungua.

Mtaro usiopandwa kitu kingoni hujaa mapema. Kwa kazi hii vetiva ni mmea mzuri sana. Mizizi yake huenda chini kuliko kutambaa kando, kwa hiyo haisumbui mimea ya bustani, wala yenyewe haienei ovyo kwa mbegu. Vipande vyake hupandwa katika mstari mmoja, kwa nafasi ya sentimeta 10 hadi 15, navyo vikishikana huwa kama ukuta unaopitisha maji lakini huzuia udongo. Mwenye ng'ombe aweza kupanda majani ya tembo, na mchaichai nao hushika ukingo, tena huleta chai jioni.

Kama korongo dogo limekwisha kuingia uwanjani, usilijaze udongo mtupu, maana mvua ya kwanza itauchukua wote. Kwanza yageuze maji yanayoliingia. Kisha jenga vizuizi vya mawe au vya vigingi na matawi kukatiza korongo, katikati viwe chini kuliko kando ili maji yapite katikati. Weka mawe pale maji yanapoangukia. Polepole vizuizi vitakamata udongo, na korongo litajijaza lenyewe.

Historia ina fundisho hapa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba ulifunuliwa, mazao yasistawi. Mwaka 1955 zilitokea ghasia, na mpango ule ukaachwa. Lakini Wamatengo wa Mbinga wamelima ngoro tangu zamani bila amri ya mkoloni. Hulaza majani katika mistari inayokatana, huyafunika udongo, na katikati hubaki mashimo ya kutega maji. Twajifunza mawili. Kwanza, ukisawazisha bustani, weka kando udongo mweusi wa juu, kisha uurudishe juu mwishoni. Pili, kazi ya ardhi hudumu pale ambapo wenye ardhi wameikubali.

Basi likizo ya Juni inakaribia. Masika yamekwisha, na nyayo za maji bado zaonekana. Huu ndio wakati wa kupima, kuchimba mtaro na kujenga vizuizi. Vetiva na ukoka vingoje mvua, vipandwe katika likizo ya Desemba ambapo ardhi ina unyevu. Kisha, baada ya kila mvua kubwa, pita na jembe ukazibue mahali palipoziba. Mtaro usioangaliwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro.

Sisi wa kidato cha nne tukirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka tutaulizwa tumeleta nini kutoka shuleni. Cheti hukawia kutoka. Lakini kipimo cha miti mitatu na kamba chaweza kutengenezwa siku ile ile, na mama akaona masika yajayo kwamba nyumba yake imesimama mahali pakavu.